Kizibo cha Udongo

Uvumi wenyewe niliusikia Lyulilo, siku ya soko, vyungu vyangu nikiwa nimevipanga mchangani. Anyisile muuza samaki, ambaye mdomo wake hufika pwani kabla ya mtumbwi wake, alikuwa ametoka Mwaya asubuhi ile. Akashusha matenga, akainua chungu changu kimoja, akakigonga kwa kidole kama mnunuzi, akakirudisha chini. Ndipo akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba motakaa ya Mwaya inazimika njiani kila siku, na watu wa kule wameshajua sababu. Mama wa mwendeshaji ameifanyia dawa, maana hataki mwanawe apelekwe vitani.

Mwendeshaji ni Asegelile, mwanangu wa pekee aliyebaki. Mama yake ni mimi.

Wanawake walicheka. Mmoja akaniuliza kama Asegelile bado ni mwendesha gari au siku hizi ni mchunga ng'ombe, kwa kuwa yeye aliwaona wanaume kumi wakilisukuma gari lile kwa nyuma huku wakilitukana. Nami nikacheka, nikauza vyungu viwili, nikafunga mzigo mapema.

Maneno ya sokoni huwa nayakung'uta kama mchanga kwenye nguo. Haya hayakung'utika, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Dawa sikufanya, mimi ni mtu wa kanisa na dawa hizo sizijui. Lakini kutotaka, sikutaka. Tangu siku Boma la Wajerumani kule Tukuyu lilipochukua motakaa ile kwa ajili ya vita vyao na Waingereza, kila asubuhi nilimwomba Mungu iharibike.

Nilisoma misheni miaka minne tu, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoongea. Nawaandikia akina mama wenzangu ili yaliyonipata yasiwapate.

Gari lile lilikuwa la mfanyabiashara Mjerumani wa Mwaya aliyenunua mpunga na ngozi. Watu walimwita Bwana Miwani. Lilikuja kwa meli kabla ya vita, vipandevipande ndani ya masanduku, na lilikuwa limeshazeeka huko lilikotoka, matairi yana viraka na viti vimepasuka. Asegelile alikuwa akimwangalizia Bwana Miwani mashine ya kukoboa mpunga, ana mikono inayoelewa vyuma, basi akafundishwa na kuendesha. Vita vilipofika ziwani, Boma likasema motakaa na mtu wake watapandisha barua na dawa kutoka Mwaya hadi Tukuyu, na baadaye watakwenda popote watakapotumwa. Hiyo "popote" ndiyo niliyoiogopa.

Sasa kuhusu kizibo.

Mwaka wa pili wa vita, mvua zilipoisha, Asegelile alikuwa akijaza petroli ukingoni mwa mto. Aliweka kifuniko cha tangi juu ya ubao wa kukanyagia, kikateleza, kikazama majini. Kwa siku kadhaa aliziba kwa kitambaa. Petroli ikaruka, vumbi likaingia, Bwana Miwani akagomba. Ndipo mwanangu akaja kwangu kwa mtumbwi, na kipande cha shina la mgomba alichokichonga kikaenea sawasawa kwenye mdomo wa tangi.

"Mama, nitengenezee kizibo kama vile vya mitungi ya asali," alisema.

Nikamuuliza kile cha zamani kilikuwaje.

"Cha shaba. Ila kilikuwa kimechakaa. Katikati kilikuwa na tundu, la kupitisha sindano."

"Basi changu hakitakuwa na tundu," nikamwambia.

Wasio wafinyanzi huenda wasielewe. Kwetu sisi Wakisi chungu chenye tundu la sindano si chungu. Tunakijaza maji, tunakiacha kutwa, jioni tunapitisha kiganja chini yake. Kikitoa tone moja, tunakivunja, hata kama ni kazi ya siku tatu. Mama yangu alinivunjia vingi hivyo nikiwa msichana, naye alikuwa akinipenda. Kwa hiyo aliposema tundu, mimi niliona ubovu. Naye aliona ubovu, kwa sababu amekulia kati ya vyungu vyangu.

Nilikanda udongo mara mbili. Nikaung'arisha kwa kokoto niliyoachiwa na mama. Nilipokitoa motoni, kabla hakijapoa, nikakipaka utomvu wa mgomba mpaka kikashiba, kisha nikakizungushia ukanda wa ngozi ya mbuzi ili kibane. Asegelile alirudi nacho Mwaya, na habari zikanifikia kwamba kimeingia vizuri, hata harufu ya petroli haitoki, na Bwana Miwani mwenyewe amekigeuzageuza mkononi akakisifu. Nilifurahi. Niliwaambia majirani, na Anyisile alikuwepo.

Siku tatu baada ya yale maneno ya sokoni, Hezekia, mwalimu wa kanisa letu, alikuja nyumbani. Alinisalimu "Ugonile," nikamjibu, akakaa, nami nikajua ana habari mbaya. Boma limechoka, alisema. Barua zimechelewa mara nne. Asegelile ameshapigwa viboko ishirini na vitano, ile hamsa ishirini yao, na shaushi, mkubwa wa askari, atashuka Mwaya kulipanda gari yeye mwenyewe. Likizimika naye ndani, Asegelile atafungwa kamba, atapelekwa Tukuyu kama mtu anayewasaidia Waingereza. Mwezi uliopita walimnyonga mtu huko kwa barua moja tu.

Asubuhi nilipanda mtumbwi.

Mwaya nilifikia kwa Angetile, dada wa marehemu mume wangu. Wifi yangu huyo hana adabu na ana moyo mkubwa. Aliponiona tu aliniuliza kama nimekuja kuwaloga na wao, ili ndizi zake nazo zizimike njiani. Kisha akanikumbatia na kulia.

Asegelile alikuja mchana. Alikuwa amekonda. Nilimvua shati, nikampaka mafuta mgongoni, na wakati nampaka nikamwambia anieleze gari linavyofanya, polepole, kama mtu anavyomweleza mganga habari za mgonjwa wake.

"Linaondoka vizuri, mama. Likienda kidogo linaanza kukohoa, nguvu zinapungua, linakufa. Nashuka, nafungua kizibo kutazama petroli. Imo. Nafunga, nazungusha ule mkono wa chuma wa mbele, linawaka kama halikuwa na kitu. Linaenda kidogo tena, linakufa tena."

Akaniambia waliyokwisha kufanya. Bwana Miwani alisema petroli ina uchafu, wakaichuja kwa kitambaa. Akasema ni chujio, wakalifungua, safi. Akasema ni cheche, wakasugua vile vyuma vya cheche mpaka vikang'aa, na cheche zilikuwa zinaruka. Akasema ni joto, wakabadilisha maji. Wakapunguza mizigo. Gari lilikuwa likizimika vilevile.

"Na kuna jambo moja Bwana hataki kulisikia," alisema. "Tukijaza tangi mpaka juu, linafia karibu, hata daraja la magogo hatufiki. Tangi likiwa nusu, linakwenda karibu na Ipyana. Anasema naota. Aliyeshiba hawezi kuchoka kabla ya mwenye njaa."

Jioni ile walilijaribu. Nilitangulia kwa miguu nikakaa kando ya njia karibu na daraja. Nikalisikia likija kwa nguvu, kisha likakohoa, kisha likafika mbele yangu kimya, likisukumwa na mwendo wake tu, likasimama. Asegelile akashuka. Alishika kizibo changu kwa mikono miwili, akaegemeza goti, akavuta. Hakikutaka kutoka. Kilipotoka, tangi lilitoa sauti, fyuu, kama mtoto anayevuta pumzi baada ya kulia sana. Akatazama ndani, akafunga, akazungusha mkono, likawaka.

Nitasema ukweli. Niliposikia ile sauti niliona fahari. Nilijisemea, tazama kizibo kilivyobana.

Tulirudi kwa Angetile. Yeye hata ubatizo haukumtoa kwenye kimpumu. Pombe ile ya ulezi aliificha chumba cha ndani, kwenye kibuyu kikubwa, akaivuta kwa mrija kama walivyo wazee wote wa Kinyakyusa. Jua lilikuwa halijazama, na Hezekia, aliyenisindikiza, alikuwa nje anaongea na jirani. Mimi kwa kumwonea haya mwalimu nikachukua jani la mgomba, nikaliviringa kuuzunguka mrija, nikaushindilia mdomo wote wa kibuyu ili harufu isitoke.

Angetile alivuta mara moja, akavuta mara ya pili, mashavu yakaingia ndani.

"Wifi, unaninyonga," alisema. "Ukiziba mdomo wote haipandi. Lazima na yenyewe ivute hewa."

Akachukua mwiba aliotumia kushonea mkeka, akatoboa jani mara moja tu. Nikasikia fyuu, ndogo sana. Pombe ikapanda.

Nilikaa chini. Aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Tundu la kupitisha sindano. Halikuwa ubovu. Waliolitengeneza gari walilitoboa kwa makusudi, ili petroli ikishuka hewa iingie mahali pake. Mimi nimeliziba. Tangi likijaa, hewa ndani ni kidogo, kwa hiyo linanyongwa upesi. Likiwa nusu, lina hewa ya akiba, linasogea mbali. Asegelile akifungua kizibo kutazama, analipa pumzi bila kujua, na ndiyo maana linawaka. Sio petroli, sio cheche. Ni mikono yangu.

Mama mwenye akili angetoka mbio kwenda kusema. Mimi sikutoka.

Nilifikiri hivi. Nikimnong'oneza Asegelile alegeze kizibo, gari litapona ghafla mikononi mwake, nao watasema alijua tangu mwanzo. Nikienda kulisema wazi, maneno ya Anyisile yatakuwa kweli mbele ya Boma: mama Mkisi, udongo wa Kikisi, mwana asiyetaka vita. Watatufunga wote wawili. Haya mawili nilimweleza Angetile, naye alisema yana uzito.

La tatu sikumweleza. Kwamba likipona, litakwenda. Litapanda Tukuyu na kupita Tukuyu. Kwa kuzimika kwake, mwanangu alikuwa akirudi Mwaya kila jioni, mgongo umechanika lakini yuko hai. Nilikuwa nimemwomba Mungu gari liharibike, na Mungu alinipa nilichoomba kwa mikono yangu mwenyewe, na mimi sikuwa tayari kukirudisha. Nikajiambia labda shaushi hatakuja. Nikajiambia labda watajaza nusu tu. Nikanyamaza mpaka kukakucha.

Shaushi alikuja. Alikuwa mtu mrefu wa mbali, mpole wa sauti, na upole wake ulinitia hofu kuliko makelele. Alimwamuru Asegelile ajaze tangi mpaka juu, maana safari ni ndefu. Barua zikapakiwa, na sanduku la dawa. Bwana Miwani akapanda nyuma. Nilitembea upesi nyuma ya vumbi lao pamoja na Angetile, na kabla hatujaona daraja nilisikia gari limekohoa na kunyamaza.

Tulipofika, Asegelile alikuwa amepiga magoti barabarani na askari mmoja anamfunga mikono kwa nyuma. Bwana Miwani alikuwa anasema kwa haraka na shaushi hamsikilizi. Mwanangu aliniona. Alitikisa kichwa, kuniambia nirudi.

Nikaenda mpaka kwa shaushi.

"Kizibo kile ni changu," nikasema. "Nimekitengeneza mimi. Gari halipati hewa. Kitoeni, mlipeleke bila kizibo, mtaona."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Mimi ni mfinyanzi. Nikiona tundu naziba."

Aliniuliza kwa nini naogopa kama nasema kweli. Nikamjibu kwamba naogopa kwa sababu nimechelewa kusema, na yule aliyefungwa ni mwanangu.

Bwana Miwani hakungoja. Alikivuta kizibo, goti juu ya ubao, na tangi likasema fyuu mbele ya wote. Akakiangalia juu na chini. Akakiweka mdomoni akapuliza mpaka uso ukawa mwekundu. Kisha akaketi juu ya lile sanduku la dawa, akavua miwani, akasema neno moja la kwao ambalo silijui. Asegelile aliniambia baadaye kwamba lilikuwa la kujitukana mwenyewe.

Wakaweka kitambaa chepesi mdomoni mwa tangi. Bwana Miwani akaliendesha yeye, shaushi kando yake, wakapotea upande wa Ipyana. Sisi tulibaki na askari na yule aliyefungwa. Angetile alichuma majani akawa anayachanachana. Tulingoja mpaka kivuli changu kikahama kutoka mguu wangu kwenda kwenye jiwe, ndipo tukalisikia linarudi, halikohoi.

Shaushi alishuka na kuanza kuniuliza upya, nani alijua, nani alisema nini, lini. Hapo Bwana Miwani alisimama kati yetu. Alisema kizibo alikiona, alikishika, alikisifu, na yeye ndiye aliyezaliwa penye motakaa. Kama kuna wa kufungwa kwa kutojua, aanze yeye. Sikuwahi kumpenda mtu yule, na siku ile nilimshukuru. Nilisema "ndaga fijo" mara nyingi mpaka akaona aibu.

Wakamfungua Asegelile. Bwana Miwani akatafuta chuma chembamba chenye ncha ndani ya kisanduku cha vyombo, akasema kizibo kitobolewe palepale, ila kinahitaji mtu wa kukishika kisipasuke. Hakuna aliyejua udongo kuliko mimi. Nilikishika. Yeye alizungusha chuma polepole, nami nilimwambia wakati wa kukaza na wakati wa kulegeza, na unga mwekundu ukaanguka kwenye nguo yangu. Nilijua kabisa ninachokishikilia. Tundu lilipotokea upande wa pili niliona mwanga ndani yake.

Asegelile alikichukua, mikono yake ina alama za kamba.

"Hiki sasa kibovu, mama," aliniambia. "Ukikipeleka Lyulilo watakuvunjia."

Akakiweka mahali pake, akazungusha mkono wa mbele, akapanda. Nilisimama pale barabarani nikisikiliza. Nilikuwa nangoja likohoe. Sauti ilikwenda ikipungua, ikawa ndogo kama nzi, kisha ikaisha, na haikuwa imesimama.

Mwaka huu Waingereza wameingia Tukuyu. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka kuelekea Iringa na kila walichoweza kubeba, na mwanangu pamoja na motakaa. Yakobo wa Ipyana, aliyekuwa mpagazi wao akatoroka, alisema aliiona motakaa imeachwa njiani milimani, haina matairi, na tangi halina kitu mdomoni. Yakobo hakumwona Asegelile. Mwingine amesema yuko hai, anabeba mizigo kichwani kama wengine. Mwingine hasemi chochote, na huyo ndiye ninayemwogopa. Anyisile siku hizi hunilazia samaki wa ziada kwenye jani bila maneno, na akichagua chungu hakigongi.

Watu huniuliza kama najuta kusema. Kusema sijuti. Najuta ule usiku mmoja, kwa sababu ningesema jioni, kabla ya shaushi kufika, huenda Bwana Miwani angelitengeneza taratibu, pasiwe na haraka ya kuonyesha kwamba linakwenda, na mwanangu angepata hata siku moja ya kukaa na mimi mgongo upone.

Basi, mambo ya kuepuka ni haya:

Usizibe tundu ambalo hujui limetobolewa na nani wala kwa nini. Uliza kwanza, hata kama ni dogo kama la sindano.

Ukitengenezewa kipya mahali pa cha zamani, usitupe maelezo ya cha zamani.

Kitu kikianza kusumbua, usihesabu tu kilichochakaa. Angalia na kilichobadilishwa karibuni, hasa kama umekibadilisha wewe.

Usimdharau anayekwambia jambo lisiloingia akilini, kama tangi lililojaa kufia karibu. Fuata hilohilo.

Usifunge kabisa chombo chochote kinachotoa kitu chini. Kibuyu, mtungi, tangi, vyote ni mamoja.

Usipeleke petroli karibu na moto wa kuchomea vyungu. Hili halikutupata, lakini lingeweza.

Usibebe maneno ya sokoni kuhusu mtoto wa mwenzio wakati wa vita.

Usinyamaze mpaka kukuche.

Usiombe kitu kiharibike wakati mwanao yumo ndani yake.